Kupangisha Paa la Ghorofa kwa Kampuni za Simu na za Minara: Mwongozo Kamili kwa Wenye Majengo

Mwenye ghorofa la Kariakoo, Sinza au Mwanza mjini hufikiwa kwanza na mtu asiye na mamlaka ya kusaini chochote. Ni wakala aliyetumwa kutafuta mapaa, mwenye picha za majengo ya jirani kwenye simu yake na rasimu ya mkataba katika bahasha, na swali lake la mapema ni pango la kiasi gani litamridhisha mwenye nyumba. Kwa upande wake ni swali la busara, kwa kuwa mwenye jengo akishataja tarakimu, mazungumzo yote yanayofuata huizunguka tarakimu hiyo, na vifungu vinavyoamua nani atalitawala paa kwa miaka kumi ijayo hupita bila kusomwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye jengo aliyeko Tanzania, na msimamo wake ni kwamba pango lijadiliwe mwishoni, baada ya paa lenyewe kuwekewa mipaka.

Hatua ya 1: Mjue unayezungumza naye

Kuna kampuni za simu zenyewe, yaani Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo hadi Novemba 2024 iliitwa Tigo. Kisha kuna kampuni za minara, ambazo hazina mteja wa simu hata mmoja. Tigo iliuza minara yake kwa Helios Towers mwaka 2010, Vodacom ikafuata mwaka 2013, na mwaka 2021 Airtel ikakubali kuuza takriban minara 1,400 kwa dola za Marekani milioni 175 kwa kampuni ya ubia wa Paradigm Infrastructure na SBA Communications, ambayo leo inajulikana kama Minara Tanzania. Kwa hiyo aliyesaini na kampuni ya simu miaka ya nyuma alijikuta siku moja anapokea pango kutoka kwa mgeni, na wengi waligundua hapo ndipo kwamba mkataba wao uliruhusu jambo hilo bila hata barua ya taarifa.

Tofauti ya makundi haya mawili ni kubwa mezani. Kampuni ya simu inataka mtandao wake usikike mtaani kwako. Kampuni ya minara inataka nafasi ya kukodisha kwa kampuni za simu, na faida yake hukua pale mpangaji wa pili na wa tatu wanapofunga antena zao mahali pale pale, kwa kuwa gharama kubwa za ujenzi zimekwisha kulipwa. Helios Towers, ambayo hisa zake zimeorodheshwa katika soko la London tangu 2019, hutangaza idadi hiyo waziwazi katika taarifa zake za mwaka: kwa kundi zima ni wastani wa wapangaji wapatao wawili kwa kila kituo. Taarifa hizo ziko wazi kwa kila mtu, na ni vyema kuzisoma kabla ya kikao, maana mwenye jengo anayejua kwamba mtu aliye mbele yake atapokea malipo mara mbili au tatu kutokana na paa moja huzungumza kwa sauti nyingine.

Lipo pia kundi la tatu, yaani watoa huduma wa intaneti, vituo vya redio na benki zinazounganisha matawi yao kwa madishi madogo. Mikataba yao ni mifupi na myepesi, na hapa sitaikawia.

Kwa yeyote kati yao, omba barua ya utambulisho, usajili wa BRELA, yaani wakala wa usajili wa kampuni, na leseni ya TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, na uhakikishe kwamba jina lililo kwenye leseni ndilo litakaloandikwa kwenye mkataba. Usisaini ile karatasi moja inayoitwa barua ya kukubali. Huletwa kama jambo dogo la kuwezesha upimaji, lakini mara nyingi ndani yake umo wajibu wa kutozungumza na kampuni nyingine kwa miezi kadhaa. Ruhusu upimaji kwa barua yako mwenyewe yenye tarehe ya mwisho.

Hatua ya 2: Thibitisha haki yako mwenyewe

Kabla ya kukagua karatasi za wengine, kagua zako. Kama hati iko rehani benki, pata ridhaa ya benki kwa maandishi. Kama jengo ni la mirathi, asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si ndugu mkubwa anayekusanya kodi. Kama familia inaishi chini na kupangisha ghorofa za juu, kumbuka kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa, kupangishwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na kampuni makini itadai sahihi hiyo. Katika jengo ambalo kila nyumba ya ndani ina hati yake, yaani hati za sehemu chini ya sheria ya mwaka 2008, paa kwa kawaida ni mali ya pamoja, hivyo mwenye nyumba ya juu kabisa hawezi kulipangisha peke yake hata kama ngazi ya kwenda huko inaanzia mlangoni kwake.

Hatua ya 3: Mhandisi apande juu kabla ya wakili kufungua faili

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasifanye haraka. Paa la zege ambalo mbunifu alilikusudia kwa matengenezo tu, kwa viwango vya Uingereza vilivyozoeleka kwa wahandisi wetu, huhesabiwa kubeba takriban kilo 60 kwa kila mita ya mraba, juu ya uzito wake lenyewe. Sasa tazama kinachopandishwa: mita moja ya ujazo ya zege la kushikilia nguzo ina uzito wa kilo 2,400 hivi, betri moja ya volti 12 ya aina ya risasi inayotumika kwenye mitambo hii huweza kuzidi kilo 50, na mfumo wa volti 48 huhitaji nne kwa kila seti, kisha kuna kabati, redio, nguzo na nyaya. Yote haya yakisimamishwa katikati ya slabu, mbali na nguzo na mihimili ya jengo, hesabu hubadilika kabisa, na ndiyo maana swali la muhimu zaidi si uzito wa jumla bali uzito huo unatua wapi.

Upepo nao una hesabu yake. Msukumo wake hukua kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne, na antena pana iliyo juu ya nguzo ndefu huuhamishia msukumo huo kwenye boliti chache zilizochimbiwa kwenye zege lako. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeshuhudia jengo la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 hahitaji kuhubiriwa juu ya kuheshimu hesabu za mhandisi, ingawa mkasa ule haukuhusu mitambo ya simu.

Hata hivyo hasara ya kawaida kabisa haitokani na uzito. Inatokana na maji. Mwenye jengo mmoja wa Upanga ninayemfahamu alikubali nguzo tatu zifungwe, mafundi wakatoboa tabaka la kuzuia maji kwa boliti, wakapaka saruji kidogo juu yake na kuondoka. Masika iliyofuata wapangaji wa ghorofa ya juu waliweka ndoo sebuleni, na mkataba ulikuwa kimya kuhusu nani atatengeneza. Andika, basi, kwamba kila tundu litazibwa kwa njia iliyoidhinishwa na mhandisi wako, kwamba paa lote la eneo husika litapigwa picha kabla na baada ya kazi, na kwamba uvujaji wowote ndani ya eneo hilo utahesabiwa kuwa wa mpangaji hadi athibitishe vinginevyo.

Mhandisi huyo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, achaguliwe na wewe, na alipwe na kampuni hata kama mkataba hautafikiwa. Kampuni itakuambia kwamba inao wahandisi wake. Jibu kwa upole kwamba hao ni wa kwake.

Hatua ya 4: Chora mpaka wa kinachopangishwa

Rasimu nyingi husema kwamba mpangaji amepewa "paa la jengo" pamoja na haki ya kufunga "mitambo ya mawasiliano". Maneno hayo mawili yakiachwa yalivyo, umetoa kila kitu. Dai badala yake mchoro wenye vipimo, unaoonyesha kila nguzo, kabati na njia ya nyaya, pamoja na jedwali la kila kifaa kwa idadi, ukubwa, uzito na kimo. Kinachoongezwa nje ya jedwali kihitaji ridhaa yako ya maandishi na hesabu mpya ya mhandisi. Kifaa kikibadilishwa kwa kingine cha uzito na ukubwa uleule au pungufu, taarifa pekee inatosha. Masharti haya ya pili ni ya haki kwa mpangaji, kwa kuwa teknolojia hubadilika haraka na hakuna kampuni itakayokubali kuomba ruhusa kila inapobadilisha redio iliyoungua.

Kwenye mchoro huo huo weka alama za vitu vyako: matangi ya maji, kamba za nguo, paneli za sola unazofikiria kufunga, na nondo zilizoachwa wazi kwa ajili ya ghorofa utakayoongeza siku moja. Kama unakusudia kuongeza ghorofa, sema leo.

Linalofuata ni suala la wapangaji wa ziada, ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko pango lenyewe. Kanuni za mawasiliano nchini zinahimiza kampuni kutumia miundombinu kwa pamoja, hivyo kukataa kabisa kwamba kampuni nyingine isifunge antena kwenye nguzo zilizopo ni vita usivyovihitaji. Unachoweza kudai ni kwamba kila anayeongezwa atajulikana kwako kwa jina kabla ya kufunga, na atalipiwa nyongeza. Nyongeza hiyo huwekwa kwa njia mbili: asilimia ya pango analolipa mpangaji wa pili, au kiasi maalumu kwa kila kampuni inayoongezwa. Njia ya kwanza inavutia, lakini inakulazimu kuamini hesabu ambazo huoni, hivyo wenye majengo wengi hufanya vyema zaidi kwa kiasi maalumu kinachopanda sambamba na pango. Ongeza haki ya kukagua paa mara mbili kwa mwaka ukiwa na fundi wako, maana antena ngeni haina namna ya kujificha kwa mtu mwenye mchoro mkononi.

Hatua ya 5: Panga kuachana kabla ya kukubaliana

Muda wa kawaida katika rasimu hizi ni miaka 10, pengine na haki ya kuongeza. Soma kifungu cha kusitisha kwa kuweka pande mbili bega kwa bega: mara nyingi mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi mitatu kwa sababu yoyote, huku mwenye jengo akifungwa hadi mwisho isipokuwa pango lisipolipwa. Usawa kamili hautaupata, na si haki kuudai, kwa sababu kampuni imewekeza vifaa vya gharama kubwa. Lakini mambo matatu dai bila kurudi nyuma.

La kwanza ni haki ya kuvunja mkataba unapotaka kubomoa, kujenga upya au kuongeza ghorofa, kwa notisi ya miezi 12 au hata 18. Bila kifungu hiki, mnunuzi au mbia atakayekuja na mpango wa ghorofa 10 atakuta kiwanja chako kimefungwa na nguzo tatu. La pili ni haki ya kuwahamisha kwa muda ndani ya paa lilelile unapofanya ukarabati. La tatu ni kuondoa mitambo mkataba unapokwisha: siku 60, kurejesha paa katika hali iliyokuwapo kwenye picha, pango kuendelea kudaiwa hadi siku ya makabidhiano, na amana inayotosha gharama za kreni na fundi iwapo wataondoka na kukuachia vyuma. Kampuni zinapoungana, kama Zantel na Tigo zilivyofanya, vituo vinavyokaribiana hupunguzwa, na paa lako laweza kuwa mojawapo.

Kuhusu kuuzwa kwa mkataba, ruhusu uhamishiwe kampuni nyingine yenye leseni, kwa notisi, na kwa sharti kwamba anayepokea anachukua pia madeni na uharibifu wa aliyetangulia.

Hatua ya 6: Umeme, ufunguo na mionzi

Mita ya mpangaji iwe yake, iliyoombwa TANESCO kwa jina lake. Usikubali kuunganishwa kwenye mita ya jengo kwa ahadi ya kurejeshewa fedha kila mwezi, kwa sababu siku LUKU yako itakapokwisha usiku wa manane, mtandao wa mtaa mzima utakuwa lawama yako. Jenereta na dizeli zisipande juu. Zikae chini, mahali palipokaguliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na saa za kuwashwa kwake zijulikane.

Kampuni itataka kuingia saa 24, na kwa hitilafu za kweli hilo halikwepeki. Tenganisha basi dharura na kazi ya kawaida: dharura kwa simu kwa mlinzi na daftari la majina na vitambulisho, kazi ya kawaida kwa taarifa ya siku mbili na kati ya asubuhi na jioni. Mafundi wanaopanda wawe na bima na vifaa vya kufanyia kazi mahali pa juu kama OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, inavyotaka, na mkataba useme kwamba ajali yao haitakuwa yako.

Wapangaji wako watauliza kuhusu mionzi, na wanastahili jibu la vipimo. Mwongozo wa ICNIRP, chombo cha kimataifa kinachoshughulikia mionzi isiyoayonisha, yaani isiyo na nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi, unaweka kikomo kwa watu wa kawaida cha wati 4.5 kwa mita ya mraba kwenye masafa ya megahezi 900, wati 9 kwenye megahezi 1,800, na wati 10 kuanzia megahezi 2,000. Antena hurusha nguvu yake mbele kuliko chini yake, hivyo anayelala ghorofa iliyo chini ya nguzo si wa kwanza kuangaliwa. Wa kwanza ni kijana anayepanda kusafisha tangi akasimama hatua moja mbele ya antena. Weka katika mkataba eneo lisiloingiwa mbele ya kila antena, lenye uzio na bango la Kiswahili, na sharti la vipimo vya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, kabla ya kuwashwa na kila kifaa kinapoongezwa. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa jengo.

Kibali cha ujenzi cha halmashauri, masuala ya hifadhi ya mazingira, na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kimo, vyote vitafutwe na kulipiwa na mpangaji, nawe upewe nakala kabla ya boliti ya kwanza.

Hatua ya 7: Sasa taja fedha

Tangu Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa na kulipwa kwa dola. Wenye majengo waliozoea kujikinga na kushuka kwa shilingi kwa kuandika pango la dola wanapaswa kuitafuta kinga hiyo kwenye kiwango cha ongezeko.

Na ongezeko ndilo linalowapotosha wengi. Chukua mfano wa pango la shilingi 1,000,000 kwa mwezi kwa miaka 10. Bila ongezeko utapokea milioni 120. Ukiahidiwa asilimia 10 kila baada ya miaka mitatu, ambayo husikika kama tarakimu nono, utapokea takriban milioni 135.1. Asilimia 3 kila mwaka, ambayo husikika kama ya kutia huruma, inakupa milioni 137.6. Asilimia 5 kila mwaka inakupa milioni 150.9. Fanya hesabu hiyo mwenyewe mbele ya wakala, kwa simu yako, na uwe tayari kupunguza kidogo pango la mwaka wa kwanza ili upate ongezeko la kila mwaka. Jihadhari pia na malipo ya miaka mitano kwa mkupuo: fedha nyingi mkononi ni tamu, lakini hakikisha ongezeko la miaka hiyo mitano limehesabiwa ndani yake.

Kodi iandikwe bila utata. Mpangaji atakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA, nawe lazima upewe cheti chake ili uitumie katika hesabu zako za mwaka. Ukitaka milioni moja kamili ifike mkononi, pango la mkataba linapaswa kuwa shilingi 1,111,111. Kama umesajiliwa kwa VAT, sema kwamba pango halijajumuisha VAT, la sivyo asilimia 18 itatoka kwako.

Nguvu yako ni kiasi gani? Katika mkataba mpya ni ya wastani, maana wakala kwa kawaida ana majengo mengine mawili au matatu katika mtaa huohuo, na anayejidai kuwa hana mshindani hurudiwa mara chache. Wakati wa kuongeza muda nguvu huongezeka, kwa sababu kuhama ni kujenga upya. Ndiyo maana barua inayotishia kwamba kituo kitafungwa usipopunguza pango isijibiwe siku hiyo hiyo. Omba notisi rasmi chini ya kifungu cha kusitisha. Ikija, unajua wanamaanisha.

Hatua ya 8: Saini, stempu na daftari

Mkataba usainiwe mbele ya wakili, kila ukurasa pamoja na mchoro na jedwali. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka ulipwe ndani ya siku 30; kwa mfano wetu ni shilingi 120,000, na mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mahakamani hadi ulipiwe pamoja na adhabu. Kwa kuwa muda unazidi miaka mitano, usajiliwe pia kwa Msajili wa Hati, na gharama zote hizi zibebwe na mpangaji kwa kuandikwa hivyo.

Funguo za paa zibaki mbili, moja yako na moja ya mlinzi, na usimpe mpangaji ya tatu. Kila mwaka, baada ya masika, panda na mchoro wako, hesabu nguzo na antena, tazama nyufa kuzunguka boliti, na umtumie mpangaji picha kwa barua yenye tarehe. Siku watakapoondoka, fungua zile picha za mwanzo, mwaga maji kwenye kila tundu lililozibwa, subiri yatulie usiku kucha, na usisaini makabidhiano hadi umeshuka ghorofa iliyo chini ya paa kuangalia dari.